Mvua Ilipotukuta Francorchamps

Stavelot, 9 Machi

Mkwe wangu mpenzi Kaisu,

Salamu nyingi zikufikie huko Kotka, wewe na mama yako. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo tangu baridi ianze limekuwa na maoni yake. Kuku wanataga. Theluji imebaki vivulini tu. Natumaini nawe u mzima, na kwamba barafu ya kwenu haijammeza mwanafunzi wako yeyote wa udereva.

Najua sheria. Tangu wewe na Ludovic mtie saini zile karatasi za talaka mbele ya hakimu wa Liège, wewe si mkwe wangu tena. Lakini nimeandika "mkwe" na kalamu haikukataa, basi na libaki hivyo mpaka utakaponiambia vingine.

Jana niliamka alfajiri kuangalia mbio za magari za Melbourne. Nilikaa jikoni peke yangu, na kwa mazoea nikatoa vikombe viwili vya kahawa. Virolainen wako alianza wa tatu, akamaliza wa kwanza. Najua ulisimama juu ya kiti. Ila usijigambe. Wale wawili wa mbele waligongana wenyewe kwenye kona ya kwanza, naye akapita katikati kama mtu aliyeokota pochi barabarani. Magari yangu ya kijani, la kwanza lilianza kutoa moshi hata watu hawajakaa vizuri, na la pili sijui lilikwenda wapi, kamera haikulionyesha tena. Haslinger, dereva wao, alipohojiwa alisema wana matumaini. Huu ni mwaka wa kumi na moja wana matumaini, nami pamoja nao.

Ningekupigia simu, lakini masikio yangu unayajua. Injini zimeyamaliza, na kwenye simu nasikia upepo tu. Kwa hiyo nakuandikia. Kama hutaki, sema, sitakasirika. Kama unataka, njoo Agosti, mbio zikifika kwetu Francorchamps. Chumba cha juu ni kilekile. Tutakaa palepale kilimani Pouhon, nawe utalalamikia mvua.

Ludovic hajambo. Anakuja mara mojamoja. Hatuzungumzi mengi, unamjua, yeye na magari ni paka na maji.

Ni mimi baba mkwe wako,
Armand


Kotka, 20 Machi

Baba, shikamoo.

Barua yako ilinikuta natoka kazini. Niliisoma nimesimama mlangoni na viatu vimejaa theluji, mama akanifokea kwa kumlowesha sakafu. Sisi wazima. Mama anakusalimu, na anasema hilo goti lipakwe mafuta ya lami ya msonobari. Usiulize maswali, paka tu.

Kwanza la muhimu. Virolainen hakuokota pochi. Aliwaona wale wawili wanavyotunishiana misuli tangu kwenye mstari wa kuanzia, akalegeza mguu kidogo, akawaachia nafasi ya kufanya upuuzi wao. Huko ndiko kuendesha, Baba. Ndiko ninakowafundisha vijana hapa kila siku: usiliangalie gari, mwangalie aliyemo ndani. Watu wako wa kijani wangekuwa na dereva mmoja anayelijua hilo, ungekwisha kulia kwa furaha zamani.

La pili. Nilidhani hutaniandikia kamwe. Siku ninaondoka ulinipa mkono pale mlangoni kama karani wa benki, nikasema basi, na huyu ameisha. Kumbe ulikuwa hujui la kusema. Hata mimi sikujua. Nimekaa miaka tisa katika nyumba yenu. Kukosa mume nimeshazoea; Jumapili za mbio ndizo sijazizoea. Hapa mama anaangalia huku anafuma soksi, na ajali ikitokea anauliza kama dereva ana watoto.

Nitakuja Agosti. Likizo nimeshaomba na imeandikwa ukutani ofisini. Nunua tiketi za kilimani, si za jukwaani, tusije tukakaa na watu wanaokula kamba na kuuliza nani anaongoza.

Na hilo neno mkwe, usiliandike kwa woga. Liandike.

Mkweo,
Kaisu


Stavelot, 27 Aprili

Mkwe wangu Kaisu,

Natumaini mu wazima. Goti limepakwa. Linanuka kama paa jipya, na linapona; mshukuru mama yako.

Jana Imola umeona mwenyewe, sihitaji kusimulia. Haslinger wa sita. Wa sita ni pointi moja, na pointi moja ni pointi. Nilifungua chupa ya bia iliyokuwa ikingoja tangu mwaka juzi, nikainywa nusu, nikakuachia nusu, kisha nikaona ujinga, nikaimaliza.

Tiketi nimenunua. Nimezibana kwenye mlango wa friji ili nizione kila ninapochukua maziwa. Chumba chako nimekipaka rangi. Madame Collignon jirani alipoona dirisha limefunguliwa akaniuliza, "Armand, unaoa?" Nikamwambia mkwe wangu anakuja. Akasema, "Yupi?" Nikafunga dirisha.

Baba mkwe wako,
Armand


Stavelot, 26 Mei

Mkwe wangu Kaisu,

Salamu. Mimi mzima wa mwili. Nimeichana barua hii mara kadhaa, kwa hiyo nitaandika moja kwa moja, nawe unisikilize mpaka mwisho.

Siku ya Kupaa, Ludovic alikuja na mwanamke anaitwa Maryse. Anafanya kazi katika duka la dawa huko Liège. Ni mtu mpole, alisaidia kuosha vyombo bila kuombwa. Ana mimba ya miezi mitatu.

Najua hapo umesimama kusoma. Najua pia kwa nini. Miaka ile mliyokuwa mkipanda na kushuka hospitali, nilijifanya sioni. Wewe ulikuwa ukirudi macho mekundu unaniuliza habari za matairi, nami nakujibu habari za matairi. Sikujua njia nyingine ya kukusaidia. Ndiyo maana nimeona habari hii uisikie kwangu, isikufikie kwa watu.

Sasa lililobaki, ambalo ni kosa langu. Ludovic aliziona tiketi kwenye friji. Akasema, "Baba, mwaka huu tunakuja sisi." Nikadhani utani. Nikamwambia, "Ludo, wewe unayachukia magari." Akasema, "Nayachukia. Nakuja hivyohivyo." Ikabidi nimwambie kwamba unakuja wewe. Akasema, "Basi chagua. Sina ubaya na Kaisu. Lakini siwezi kumweka Maryse na tumbo lake kilima kimoja na mke niliyeachana naye, Stavelot nzima ikitutazama."

Kaisu, mara ya mwisho kumpeleka mbioni alikuwa mdogo, nimembeba mabegani, pamba masikioni, akalia tangu magari yalipoanza mpaka yalipokwisha. Tangu hapo nimengoja aombe kuja. Nikamjibu sawa.

Kwa hiyo mwaka huu usije. Nimeliandika na sasa lipo, na halipendezi kulitazama. Mbio za Monaco sikuziangalia mpaka mwisho.

Armand


Stavelot, 13 Julai

Mkwe wangu Kaisu,

Natumaini u mzima. Nilikuandikia baada ya mbio za Montreal. Huenda barua ilipotea. Sidhani ilipotea.

Jana Silverstone Virolainen ameshinda tena. Alivyompita yule Mfaransa kwa nje, kwenye maji, hata mimi nilisimama. Nilitaka kusema amebahatisha, lakini chumbani hapakuwa na mtu wa kukasirika.

Mpe salamu mama yako. Sina zaidi.

Baba mkwe wako, kama bado,
Armand


Kotka, 6 Agosti

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, mama mzima. Barua zako zote zimefika, hakuna iliyopotea.

Ile ya Mei niliisoma ndani ya gari la mafunzo, mwanafunzi akiwa kwenye usukani. Nilimwambia asimame pembeni. Maskini, akadhani amekosea. Akaniuliza, "Nimegonga kitu?" Nikamwambia hapana, umeendesha vizuri sana, tulia kidogo. Nikalia, naye akawasha taa za tahadhari kama nilivyomfundisha.

Sina hasira na mtoto. Mtoto hana habari. Hasira yangu ilikuwa kwako, na ilichukua muda wake. Ludovic aliponiacha nilisema ni mambo ya mke na mume. Lakini wewe uliniita mwenyewe, ukapaka chumba rangi, kisha ukaniondoa kwa barua na stempu.

Hata hivyo nakuja. Kuna basi la watu wa hapa, mashabiki wa Virolainen, wanalala kwenye mahema na wanajikalia kule juu Les Combes. Nimelipia nafasi. Usinitafute, wala usimwambie Ludovic. Sikuombi ruhusa, nilianza kuja Francorchamps kabla sijaijua nyumba yenu.

Mwambie Maryse avae viatu vya mpira na abebe kitu cha kukalia. Mgeni hajui matope ya Pouhon, na hao wanaume wawili atakaokuwa nao hawatakumbuka kumwambia.

Kaisu


Stavelot, 31 Agosti

Mkwe wangu Kaisu,

Naandika asubuhi hii kabla hata ya kulisha kuku. Natumaini mko salama njiani.

Jana tulifika kilimani mapema, mimi, Ludo na Maryse. Maryse alivaa viatu vya mpira, Ludo alivaa vya ofisini. Mvua uliiona. Walipotangaza kwamba mbio zinaahirishwa mpaka maji yapungue barabarani, watu wote walijikunyata, na sisi watatu tukakaa chini ya mwavuli mmoja. Nilimwambia Ludo hii mvua itapita. Akasema ndiyo. Baadaye nikamwambia tena.

Nikafikiri, nimemngoja mtoto huyu miaka yote hii ili tukae hivi. Na kule juu mlimani kuna mtu ambaye saa hizi angekuwa ananigombeza kuhusu matairi. Nikasimama. Nikamwambia, "Ludo, Kaisu yuko hapa. Yuko Les Combes. Nakwenda kumsalimia."

Akasema, "Baba, mvua hii? Na goti lako?"

Nikamwambia, "Ninyi ndio mlioachana. Mimi sikuachana na mtu."

Sikungoja jibu. Nilipanda msituni nikishika miti. Bendera zenu niliziona kwa mbali. Kulikuwa na bwana mmoja mnene mwenye ndevu, anajua Kifaransa kidogo. Nikamtaja jina lako. Akasema umetoka muda si mrefu. Nikamuuliza umekwenda wapi. Akasema, "Amekwenda kumwona baba yake." Nilimwomba arudie, kwa sababu ya masikio. Akarudia.

Nilitaka kushuka tena lakini injini zikawashwa, wakafunga daraja la kuvukia, na goti nalo likagoma. Wenzako wakanikalisha kwenye sanduku la bia, wakanivika kofia ya buluu, wakanipa soseji yenye haradali. Basi mbio nimezitazama kwenu. Virolainen alipozunguka na kuteleza kwenye mchanga, walinyamaza wote kama msibani. Nami nikavua kofia, kwa heshima tu.

Halafu Haslinger. Kaisu, wa pili. Gari la kijani la pili, Francorchamps, mbele ya macho yangu, na mimi niko katikati ya Wafini waliofiwa. Yule mwenye ndevu aliona hali yangu, akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Nilimlowesha bega.

Niliposhuka hukuwapo. Ludo na Maryse walikuwa garini. Ludo aliendesha mpaka nyumbani ametulia tu, akanishika mkono kunishusha. Sikumuuliza kama alikuona. Niambie ulikuwa wapi.

Baba mkwe wako,
Armand


Melini, baina ya Travemünde na Helsinki, 1 Septemba

Baba, shikamoo.

Nimeambiwa na Pentti mwenye ndevu kwamba mzee mmoja alikuja, akala soseji zake mbili na kumlilia begani. Kwa hiyo tulipishana njiani. Natumaini hujapata mafua.

Sikuwa nimekusudia kuja kwako. Lakini mvua ile, unakaa tu, unawaza. Nikasema nitapita Pouhon, nikuone kwa mbali, nirudi. Nilipofika niliwakuta wawili na nafasi tupu katikati. Nikageuka niondoke. Ludovic akaniita.

"Kaisu. Umepishana naye. Amekwenda kwako."

Nikasema basi narudi. Askari wa daraja akatupungia mkono, hakuna kupita, magari yanatoka. Tukasimama pale kama watu waliokwama kwenye lifti. Maryse ndiye aliyesogea. Akapapasa lile turubai la kukalia, akasema, "Kaa, utalowa. Na asante kwa viatu." Kumbe ulimwambia ushauri ule ulitoka kwangu.

Nikakaa. Mume niliyeachana naye upande huu, mke mpya na tumbo lake upande ule. Nilidhani litaniuma kulitazama. Liliniuma. Kisha mtoto akacheza, Maryse akashtuka akacheka, nami nikacheka, na maumivu yakawa ya kawaida, kama ya goti lako.

Ludovic akasema jambo ambalo hakuwahi kuniambia miaka yetu yote tisa. Alisema, "Tangu nikiwa mdogo, Jumapili za mbio baba hakuwa wangu. Nilikuwa nasimama mlangoni nangoja amalize. Halafu ukaja wewe, ukaketi naye, nikawa nangoja wawili. Ulipoondoka nikasema sasa nitampata. Akaniangalia kama mtu aliyefiwa." Akasema pia, "Sikuja hapa kukufukuza. Nimekuja kwa sababu nitakuwa na mtoto, na sijui nitaongea naye nini. Sijawahi kuongea na baba yangu."

Nikamwonyesha barabara, Baba. Nikamwambia, "Unaona lile gari la kijani? Matairi yake yana mifereji yenye kina, ni ya mvua kubwa. Barabara inaanza kukauka. Akibaki nayo yataisha, akibadilisha mapema atateleza. Sasa tazama atafanya nini." Akauliza atajuaje wakati. Nikasema, hajui, anahisi tu kwa makalio. Akacheka. Akatazama. Haslinger alipoingia kubadilisha kabla ya wengine wote, Ludovic alisimama matopeni na viatu vyake vya ofisini akasema, "Amewahi sana, ameharibu." Na hakuharibu. Tulipiga makofi mpaka mikono ikawaka. Nilishangilia kijani, Baba. Usiwaambie watu wa Kotka.

Sikuweza kukungoja, basi lilikuwa linapiga honi. Nisamehe hilo.

Mkweo,
Kaisu


Kotka, 14 Septemba

Baba, shikamoo.

Sote wazima. Barua zetu zilipishana kama sisi wenyewe. Ile yako nimeisoma mara nyingi, hasa pale Pentti aliposema nimekwenda kumwona baba yangu. Ndiyo, nilimwambia hivyo. Kwa Kifini nilikosa neno lingine.

Monza jana niliangalia na mtu. Nimekuficha tangu Machi, na sasa naona haya kuendelea. Anaitwa Veikko. Anatengeneza winchi za bandarini, ana mabega mapana na maneno machache. Hapendi mbio. Anasema ni magari yanayokwenda mbio kurudi yalikotoka. Lakini jana alikaa mpaka bendera ya mwisho, na mama akamfumia soksi.

Nilichelewa kukuambia kwa sababu niliogopa. Nikiwa na mume mwingine nitakuwa mkwe wa watu wengine, na wewe unaweza kuona huna tena sababu ya kuniandikia. Basi nimesema. Ukinyamaza nitaelewa.

Kaisu


Stavelot, 19 Septemba

Kaisu mwanangu,

Salamu kwako, kwa mama, na kwa huyo Veikko.

Nitakueleza nilivyofanya. Nilipofika kwenye jina lake niliweka barua mezani, nikaenda kuwalisha kuku, ambao nilikuwa nimeshawalisha. Nilikaa bandani. Nilihisi kama ni mimi niliyeachwa, mzee mzima, kwa mwanamume ambaye hajui hata gari la kijani ni la nani. Madame Collignon akachungulia, akauliza kama naumwa. Nikamwambia binti yangu amepata mchumba. Akasema hongera. Aliposema hivyo ndipo nilipoona kwamba kweli ni jambo la kupongezwa. Hongera, mwanangu. Mwanamume anayekaa mpaka bendera ya mwisho kwa kitu asichokipenda, mwingine kama huyo sijamwona, isipokuwa Ludo mwaka huu, matopeni.

Nitaendelea kuandika mpaka mkono ukatae. Agosti mlete. Chumba cha juu kinatosha wawili. Nimemwambia Ludo, akasema, "Atavaa viatu gani?"

Jumapili ya Monza Ludo alikuja na Maryse, wakaleta tati ya wali, ile keki ya kwetu. Tuliangalia wote. Katikati ya mbio akasema, "Haslinger amechelewa kubadilisha, matairi ya nyuma yameisha, tazama anavyoyumba kutoka konani." Nilikuwa sijaona. Nikatazama, kweli anayumba. Nikamuuliza nani kamfundisha hayo, akamwangalia Maryse, akasema ni mvua. Tukaongea mpaka supu ikapoa. Sehemu kubwa ilikuwa makosa matupu, nami nikamwachia.

Jumapili ya tarehe 27, mbio za Nürburgring, wanakuja tena. Ludo amechukua namba yako kwangu. Simu ikilia karibu na saa ya kuanza ni yeye, na atakuwa amejificha barazani nisimsikie. Ana maswali anayoona haya kuniuliza. Mjibu polepole, na usimpe yote kwa siku moja.

Baba yako,
Armand